Jina la Ziwa na Mpaka wa Nchi: Uhakiki wa Maneno katika Ugomvi wa Nyasa na Malawi

Katika mashauri ya nchi na nchi, jina la mahali ni nadra kuchukuliwa kuwa neno tu. Aghalabu huchukuliwa kuwa hati. Atajaye jina fulani hudhaniwa amekiri haki fulani, na atajaye jina jingine hudhaniwa ameinyima. Dhana hii imezoeleka mno katika maandiko ya Kiswahili yahusuyo ziwa lililo kusini-magharibi mwa Tanzania, ambalo Watanzania huliita Nyasa, watu wa Malawi huliita Malawi, na watu wa Msumbiji huliita kwa Kireno Niassa. Ziwa hilo lina urefu wa kadiri ya kilomita 560 au zaidi, na upana usiopita sana kilomita 75. Kwa eneo ni la tatu katika Afrika. Maji yake ni mamoja, lakini majina yake ni matatu, na mpaka wake upande wa Tanzania una ugomvi uliopita nusu karne.

Wanasheria wameuandika ugomvi huo mara nyingi, na wachora ramani pia. Lililobaki bila kupimwa vya kutosha ni lugha yenyewe iliyotumika ndani yake: majina yametoka wapi, yalibeba maana gani kinywani mwa kila upande, na je, yanao uwezo ule wanaopewa na waandishi wa magazeti, wa vitabu vya shule, na hata wa nyaraka za serikali? Kupima huko si jambo la starehe za wanazuoni, kwani tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambamo Tanzania na Malawi zote ni wanachama. Lugha ambayo jana ilikuwa ya upande mmoja wa ugomvi, leo yatakiwa kuwa ya pande zote mbili.

Kwanza litazamwe jina Nyasa. Huelezwa kuwa asili yake ni neno la Kiyao lenye maana ya maji makubwa, yaani ziwa. Wataalamu huliweka pamoja na nyanja la Kinyanja, nnyanja la Kiganda, na nyanza ambalo Waswahili walilipokea kwa watu wa bara. David Livingstone alipolifikia ziwa hilo Septemba 1859, akauliza jina lake, aliambiwa lile neno ambalo watu wa pale hulitumia kwa ziwa lolote. Akaliandika kana kwamba ni jina la ziwa hilo peke yake. Kwa hiyo asemaye Ziwa Nyasa amesema ziwa mara mbili, kama vile asemaye Jangwa la Sahara alivyosema jangwa mara mbili, maana sahara kwa Kiarabu ni jangwa.

Hapana aibu katika jambo hili. Majina mengi ya dunia yamezaliwa hivyo, nayo yamekuwa majina ya haki kwa kutumiwa. Lakini haifai basi kuandika, kama iandikwavyo mara kwa mara, kwamba Nyasa ni jina la asili la ziwa, na Malawi ni jina la kubuni lililotungwa mwaka 1964. Nyasa kama jina la pekee la ziwa hili ni kazi ya msafiri wa Kiskoti aliyesikia neno la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Na Malawi, kwa upande wake, lina mizizi mirefu kuliko inavyodhaniwa. Wareno waliozuru nchi za mto Zambezi waliandika habari za watu walioitwa Maravi tangu zamani. Katika ramani ya Afrika aliyoichora Mfaransa d'Anville mwaka 1749 limo ziwa refu, jembamba, lililoandikwa Maravi. Yaani miaka 110 kabla ya Livingstone, wachora ramani wa Ulaya walikuwa wakiliita ziwa hili, au walilodhani kuwa ndilo, kwa jina lililo ndugu wa Malawi. Inasimuliwa kwamba Hastings Kamuzu Banda alilipata jina la taifa lake katika ramani ya namna hiyo. Ikiwa ni hivyo, jina hilo halikubuniwa, lilifufuliwa.

Lakini upande wa pili nao una kosa lake. Huko Malawi husemwa kwamba Nyasa ni jina la mkoloni, na kwamba kulishikilia ni kushikilia utumwa. Kauli hii yaeleweka ukikumbuka historia. Mwaka 1907 Waingereza waliibadili himaya yao ya Afrika ya Kati wakaiita Nyasaland, jina lililounga neno la Kiafrika na neno la Kiingereza. Chini ya jina hilo watu wa nchi ile walilipa kodi ya kichwa, wakaenda kufanya kazi katika migodi ya kusini, na tangu 1953 hadi 1963 wakatiwa kwa nguvu katika Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland ambalo wengi wao hawakulitaka. Basi sikioni mwa mtu wa Zomba au Blantyre, silabi mbili za Nyasa huamsha silabi ya tatu isiyotamkwa. Husikia Nyasaland.

Sikioni mwa mtu wa Mbamba Bay au Kyela hakuna kitu cha namna hiyo. Kwake Nyasa ni ziwa analovua samaki. Tanganyika haikuitwa kamwe kwa jina la ziwa hilo, wala hakuna kodi iliyotozwa wala mtu aliyefungwa kwa jina hilo. Lakini akisikia Ziwa Malawi, yeye husikia ziwa la nchi ya Malawi, kama asikiavyo shamba la Juma kuwa ni mali ya Juma. Hapo ndipo penye fundo la jambo zima. Neno moja lina historia mbili, na kila upande hulihukumu neno la mwenzake kwa historia ya nyumbani kwake. Mtanzania hutaja Nyasa bila nia ya kumkumbusha mtu ukoloni. Jirani yake husikia ukoloni. Mmalawi hutaja Malawi kwa heshima ya taifa lake. Jirani yake husikia unyang'anyi. Hakuna adanganyaye katika hao wawili. Waliokosea ni wale watafsiri wao, waandishi na wanasiasa, waliochukua tofauti ya masikio wakaifanya tofauti ya haki.

Inafaa sasa kuirudia hati yenyewe inayotajwa katika ugomvi. Mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890, ambao wengi huujua kwa jina la kisiwa cha Heligoland, ulieleza mpaka wa kusini wa himaya ya Wadachi. Mpaka ulifuata mto Ruvuma, ukaenda magharibi mpaka ziwani, kisha ukaelekea kaskazini ukifuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa ziwa, hata kufika ng'ambo ya kaskazini ya mlango wa mto Songwe. Kwa maneno hayo maji yote ya sehemu ile yaliachwa nje ya himaya ya Wadachi. Hii ndiyo nguzo kuu ya hoja ya Malawi. Ikaongezwa nguvu na azimio la wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo Julai 1964, kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Na aliyelipeleka azimio hilo mkutanoni alikuwa Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe. Tanzania hujibu kwa hoja nyingine: kwamba desturi ya mataifa ni kugawana maji ya mpakani katikati, kwamba baadhi ya taarifa za Waingereza walipoitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirika la Mataifa zilieleza mpaka kuwa katikati ya ziwa, na kwamba haiwezekani mamia ya maelfu ya watu wakae pwani ya maji wasiyo na haki ya kuyagusa.

Uzito wa hoja hizo waamue wanasheria. Mhakiki wa lugha ana jambo moja tu la kuonyesha, nalo ni hili: katika mkataba ule wa 1890 ziwa limeitwa Nyasa. Hati ambayo Malawi huishika kuwa ngao yake yalitaja ziwa kwa jina ambalo Tanzania hulishika kuwa lake, na chini ya jina hilohilo maji yakaondolewa mikononi mwa upande wa mashariki. Lau jina lingekuwa na uwezo wa kuleta haki, Nyasa lingekuwa limekwisha kuileta. Halikuileta. Kwa hiyo anayedhani kwamba kulitamka Nyasa kwa sauti kubwa ni kuulinda mpaka wa katikati, anajikinga kwa ngao iliyokwisha kupasuliwa. Na anayedhani kwamba kuliandika Malawi katika ramani zote za dunia ni kuuhalalisha mpaka wa ukingoni, anajenga hoja isiyohitajiwa na hati aliyonayo.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko ng'ambo hiyohiyo ya mashariki, kusini kidogo. Msumbiji nayo inapakana na ziwa hili. Ina mkoa mzima uitwao Niassa, na katika ramani zake ziwa ni Lago Niassa mpaka leo. Mwaka 1954 Waingereza na Wareno walipatana kwamba mpaka wao ziwani upite katikati, isipokuwa visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyo karibu na pwani ya Msumbiji, vibaki upande wa Nyasaland. Tangu Nyasaland ilipogeuka kuwa Malawi, mapatano hayo yameendelea kushikwa. Msumbiji husema Niassa, Malawi husema Malawi, mpaka uko katikati, na jina halijawa kisa cha ugomvi baina yao. Msomaji apime mwenyewe. Majina ni yaleyale mawili, ziwa ni lilelile, lakini upande mmoja pana amani na upande wa pili pana mashaka. Iliyotofautiana ni hati ya mpaka. Kwa Msumbiji ipo iliyo wazi, na kwa Tanzania haipo iliyokubaliwa na wote. Basi si jina lililoleta ugomvi, wala si jina litakalouondoa.

Kuna funzo jingine pwani ileile. Wadachi walipotawala waliipa miji yao ya ziwani na ya karibu nayo majina ya kwao. Liuli iliitwa Sphinxhafen, Manda ikaitwa Wiedhafen, na Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg. Kule Sphinxhafen ndiko meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikoishambulia meli ya Wadachi iitwayo Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914, mwanzoni kabisa mwa Vita Kuu ya Kwanza. Leo ni watu wachache wa Liuli wanaolijua jina hilo. Majina ya Wadachi yalikufa yote. Mpaka wao uliowekwa Berlin mwaka 1890 ukabaki, nao ndio unaogombewa. Majina hufa na mipaka ikaishi. Vilevile majina huishi na mamlaka yakafa: ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika laitwa Victoria katika nchi tatu zilizo huru, na hakuna amdhaniaye malkia yule aliyefariki mwaka 1901 kuwa angali na hisa katika samaki wa Mwanza.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauna budi kuitazama hoja iliyo kinyume. Wapo watakaosema kwamba majina si maneno matupu, kwa kuwa wanasiasa huyatumia kudai nchi. Hilo ni kweli, na lilitokea papa hapa. Januari 1967 serikali ya Tanzania iliiandikia serikali ya Malawi kwamba mpaka wapita katikati ya maji. Uhusiano ulikuwa umekwisha kuharibika: mawaziri waliofarakana na Banda mwaka 1964 walikuwa wamepata hifadhi Dar es Salaam, naye Banda alikuwa akifanya urafiki na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Banda alikataa mpaka wa katikati. Na mwaka 1968 akavuka hatua, akadai hadharani kwamba zipo nchi nje ya mipaka ya Malawi, zikiwamo sehemu za Tanzania, zilizokuwa za Malawi kwa asili. Alijengea hoja yake juu ya dola ya zamani ya Wamaravi. Hapo jina lilikuwa limetiwa madai tumboni, na hofu ya Dar es Salaam haikuwa ya bure.

Mwaka huohuo wa 1968 chama cha Banda kiliamua pia kwamba lugha iliyoitwa Chinyanja iitwe Chichewa, na ndiyo iwe lugha ya taifa pamoja na Kiingereza. Chinyanja maana yake ni lugha ya ziwani. Chichewa ni lugha ya Wachewa, kabila la Banda mwenyewe. Huko Zambia na Msumbiji lugha hiyohiyo iliendelea kuitwa Kinyanja. Tazama jinsi mambo yalivyopindana: dola iliyotaka ziwa lote ndiyo iliyoondoa neno ziwa katika jina la lugha yake. Hii yaonyesha kwamba Banda alipobadili majina hakuwa akizungumza na jirani zake peke yao. Alikuwa akijenga taifa la ndani kwa mfano alioutaka yeye. Wale walioyasoma matendo yake yote kuwa ni mishale iliyoelekezwa Tanzania walisoma nusu ya maandishi.

Kisa kilicho karibu na hiki, ambacho kimekwisha kupata suluhu, ni cha Ugiriki na jirani yake wa kaskazini. Jimbo moja la Yugoslavia lilipojitangaza huru mwaka 1991 kwa jina la Makedonia, Ugiriki ilikataa, kwa kuwa nayo ina jimbo la jina hilo, na Makedonia ya Aleksanda Mkuu ni sehemu ya urithi inaouona kuwa wake. Wagiriki waliogopa kwamba jina ni mwanzo wa madai ya nchi. Hata Umoja wa Mataifa ulipoipokea nchi hiyo mwaka 1993, uliipokea kwa maelezo badala ya jina, yaani iliyokuwa Jamhuri ya Yugoslavia ya Makedonia. Ugomvi ulidumu zaidi ya robo karne. Tarehe 17 Juni 2018, kando ya ziwa Prespa ambalo nalo ni la mpakani, mawaziri wa nchi mbili walitia saini mapatano. Na Februari 2019 nchi ikawa Makedonia ya Kaskazini.

Wengi hulitaja neno Kaskazini tu kuwa ndiyo suluhu. Kwa msomaji wa lugha, lililo bora zaidi katika hati ya Prespa ni ile sehemu inayoeleza maana. Pande mbili zilikiri kwa maandishi kwamba kila mmoja alitumiapo neno Makedonia huwa na historia yake na urithi wake, na kwamba lugha iitwayo Kimakedonia ni ya jamii ya lugha za Kislavi za kusini, haihusiani na ustaarabu wa kale wa Kigiriki. Na mipaka ikathibitishwa kwa vifungu vyake yenyewe, mbali na jina. Yaani waliokaa Prespa hawakulilazimisha jina liseme kila kitu, waliliandikia ufafanuzi. Wagiriki waliendelea na Makedonia yao, na jirani zao wakabaki na lugha ya jina hilo.

Hati hiyo, katika kuitaja lugha ya Kimakedonia, iliutegemea mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa wa kusanifisha majina ya mahali, uliofanywa Athens mwaka 1977. Mkutano huohuo ulipitisha azimio linaloligusa ziwa letu moja kwa moja. Lilisema kwamba ikiwa nchi mbili au zaidi zina mahali pamoja, kama ziwa au mlima, nazo hupaita kwa majina mbalimbali, zijaribu kupatana jina moja. Na zisipoweza kupatana, basi ramani za dunia ziyakubali majina yao yote, wala haifai kuchukua moja na kuyaacha mengine. Shauri hili ni la busara. Halimtaki mtu aache neno la mama yake, wala halimpi mtu ruhusa ya kulifuta la mwenzake.

Ugomvi wa Nyasa uliamka tena miaka ya karibu. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na mwaka 2012 Tanzania ilitaka kazi hiyo isimame. Shauri likapelekwa kwa wazee waliokuwa marais wa nchi za Afrika, chini ya Joaquim Chissano wa Msumbiji, nchi iliyo na pwani yake mwenyewe katika ziwa hilo. Miaka ikapita bila mapatano ya mwisho. Katika siku hizo magazeti ya Kiswahili yalijaa mashairi na makala zilizofanya jina la ziwa kuwa bendera. Aliyeandika Ziwa Malawi, hata katika habari za elimu ya viumbe, alionekana kuwa msaliti. Hasira ya namna hiyo haikuongeza hata hatua moja ya mpaka. Lakini iliwafunza wasomaji vijana kwamba uzalendo ni kutotamka neno la jirani.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa Kiswahili chenyewe. Lugha hii si mgeni ng'ambo ya magharibi. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya kutoka Kilwa ilivuka ziwa kwa majahazi, na huko Nkhotakota watawala walioitwa Jumbe, wenye asili ya pwani, walikaa vizazi kadhaa. Kanyama Chiume, mzaliwa wa Usisya katika pwani ya Malawi na mmoja wa mawaziri wale waliokimbilia Dar es Salaam, alisoma Tanganyika akaandika vitabu kwa Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya jumuiya ya kusini mwaka 2019, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Na mwaka 2023 serikali ya Malawi ilitangaza nia ya kukiingiza katika shule zake. Basi yamkini mtoto wa Nkhata Bay atafungua kitabu cha Kiswahili, na katika somo la jiografia akute ziwa analooga kila siku. Kitabu kitamwambia nini? Kikimwambia kwamba jina analolijua ni la uongo, ataifunga lugha pamoja na kitabu. Wala hatakuwa na makosa.

Yafaa basi kutenga mambo mawili ambayo yamefungwa pamoja kwa muda mrefu. La kwanza ni kwamba Ziwa Nyasa ni jina halali la Kiswahili. Limo katika kamusi, katika masimulizi ya watu wa Kyela, Ludewa na Mbinga, na katika jina la Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2010. Hakuna sababu ya mwandishi wa Kiswahili kuliacha, kama vile Mjerumani asivyoacha kuuita Köln mji ambao Mwingereza huuita Cologne. La pili ni kwamba uhalali huo ni wa lugha, si wa mamlaka. Haudai maji wala hauyatoi. Mtu aweza kulitamka Nyasa na kuamini mpaka wa ukingoni, na mwingine aweza kulitamka Malawi na kuamini mpaka wa katikati, wote wawili wakawa wamesema sawasawa.

Kutokana na hayo yatoka mashauri matatu. Katika maandiko ya Kiswahili ya jumuiya zinazoshirikisha nchi zote, majina yote yaandikwe, Nyasa na Malawi na Niassa, bila moja kufungiwa ndani ya mabano kana kwamba ni la ziada. Maana mabano nayo ni lugha, na atiwaye ndani yake hujua amewekwa uani. Katika hati yoyote ya serikali mbili kitiwe kifungu kifupi kisemacho kwamba kutumia jina lolote si kukiri wala kukana haki ya mpaka. Kifungu hicho kingewapa waandishi wa ndani uhuru wa kutumia maneno yao bila hofu, na kingewanyima wanasiasa kisingizio. Na vitabu vya shule vieleze asili ya majina yote, ili mwanafunzi ajue kwamba jina moja lina maana ya ziwa tu, na jingine lilikuwa katika ramani kabla nchi zote mbili hazijakuwapo.

Itasemwa kwamba hayo ni madogo mbele ya mafuta, samaki na mamlaka ya dola. Ni madogo kweli, lakini ni yale yaliyo katika uwezo wa watu wa lugha. Mpaka utaamuliwa na wanaoupimia kwa hati na kwa mapatano. Kazi ya Kiswahili ni kuhakikisha kwamba siku watakapokaa kupatana, wakutane wakiwa na lugha moja ambayo hakuna kati yao anayeiona kuwa shahidi wa mwenzake. Yuko samaki mmoja katika ziwa hilo, ambaye hupanda mitoni wakati wa kutaga mayai. Wavuvi wa Malawi humwita mpasa, na wavuvi wa Kyela humwita mbasa. Sauti moja tu imebadilika katika kuvuka maji. Hakuna serikali iliyopata kuandika waraka juu ya sauti hiyo, na soko la samaki halijafungwa kwa ajili yake.